Muvi za Saluni: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Pale Mwanjelwa

Saluni yetu ya kiume iko Mwanjelwa, jijini Mbeya, na televisheni inawaka tangu tunafungua mpaka tunafunga. Watu wanakuja kunyoa, wanaanza kuuliza muvi. Maswali ni yale yale, asubuhi anauliza mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, jioni anauliza dereva wa lori la Tunduma. Tumeamua kuyaandika pamoja na majibu yake. Haya ni maoni ya vinyozi na wateja wao, ukibisha umekaribishwa.

Nyie vinyozi mmejuaje muvi nzuri?

Hatujasomea popote. Tuna kipimo kimoja tu. Kawaida mtu akishanyolewa anajikung'uta, anajitazama kwenye kioo, analipa, anatoka. Sasa muvi ikiwa imekolea, mtu ameshalipa, shuka limeshatolewa shingoni, spiriti imeshapakwa, na bado amekaa kwenye kiti kama ndiyo kwanza amefika. Inabidi tumwombe, "Kaka, hamia kwenye benchi, mwenzio akae." Muvi inayomhamisha mtu kutoka kwenye kiti kwenda kwenye benchi, hiyo tunaipa heshima. Kipimo hiki kina ugonjwa wake, tutaufikia tukifika kwenye bongo muvi.

Halafu elewa kwamba sisi wenyewe muvi nyingi tunazisikia kuliko kuziona. Macho yako kwenye kichwa cha mtu, na mashine haitaki mzaha. Kwa hiyo mazungumzo mabovu tunayagundua mapema kuliko wewe uliyekaa kwenye benchi unaangalia magari yanalipuka.

Nitajie muvi moja tu kali ya wikiendi hii.

Utaangalia na nani? Hapo ndipo tunapoanzia. Kijana wa geto kule Iyunga na baba mwenye sebule imejaa kule Uyole hawawezi kupewa muvi moja. Sebule za huku kwetu unazijua: yupo bibi amekuja kutibiwa, yupo mtoto wa shangazi anayesoma, yupo na jirani ambaye kwake umeme umeisha. Kikitokea kipande cha kitandani, rimoti inatafutwa mpaka chini ya kochi na haionekani.

Kama uko na familia, chukua RRR. Kama uko peke yako au na rafiki zako, chukua Sinners. Ukitaka kucheka na kuumia kwa pamoja, A Tribe Called Judah. Ukitaka usingizi, soma jibu letu la Oppenheimer hapo chini.

Sinners ni muvi ya mashetani? Mama yangu ameokoka.

Usimwekee mama. Ina damu, ina vipande vya mapenzi, ina matusi. Lakini kuiita muvi ya mashetani ni kuionea.

Imetoka mwaka 2025, imeongozwa na Ryan Coogler, yule yule wa Black Panther. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, Smoke na Stack, waliorudi nyumbani Mississippi mwaka 1932 wakitokea Chicago na hela ambazo hazielezeki vizuri. Wananunua kiwanda cha mbao kilichochakaa wakigeuze ukumbi wa muziki wa watu weusi. Mpiga gitaa wao ni binamu yao mdogo, Sammie, mtoto wa mchungaji. Baba yake hataki kabisa hilo gitaa. Usiku wa ufunguzi wanafika wanyonya damu, na hawawezi kuingia mpaka mtu aliye ndani awakaribishe.

Hapa saluni muvi hii iligawa watu. Upande mmoja walisema saa nzima ya mwanzo ni maneno matupu, watu wanazunguka kutafuta mpishi na mlinzi wa mlangoni. Upande mwingine, na mimi nimo, tunasema hiyo saa ndiyo muvi yenyewe. Ukishawajua wote, wakianza kuliwa mmoja mmoja inauma. Muvi nyingi za wanyonya damu zinaua watu usiowajua hata majina.

Kilichotushika zaidi ni habari ya mtoto wa mchungaji. Mbeya makanisa yako kila kona, na vijana wengi walioshika kinanda au gitaa walianzia kwaya. Mteja wetu mmoja mpiga besi alikaa kwenye benchi akasema, "Huyu mzee namjua, anaishi Ilomba." Kuna kipande Sammie anapiga na ghafla ukumbini wanatokea wachezaji wa ngoma za zamani za Afrika na vijana wa mashine za muziki wa miaka ijayo, wote wanacheza pamoja. Mashine zetu zote mbili zilizimwa pale. Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja hakulalamika.

Usiizime majina yakianza kupanda mwishoni. Kuna kipande kingine baada ya hapo, na bila hicho hujaimaliza.

Muvi za Kihindi ni ndefu mno. Mnazivumiliaje?

Mwezi wa saba Mbeya ina baridi, watu wanafuga nywele, wateja wanapungua. Saa tatu za muvi zinakuwa zawadi.

Kwanza turekebishe kidogo. Nyingi mnazoziita za Kihindi siku hizi zinatoka kusini mwa India, zinachezwa kwa Kitelugu au Kitamil, si Kihindi cha Mumbai. RRR ya mwaka 2022 ni ya Kitelugu, mwongozaji ni S. S. Rajamouli. Inahusu wanaume wawili miaka ya 1920: mmoja askari wa Waingereza, mwingine mtu wa msituni aliyekuja mjini kumtafuta binti wa kijiji chao aliyechukuliwa na mke wa gavana. Wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana bila kujua kwamba mmoja anamwinda mwenzake. Raju na Bheem walikuwepo kweli, walipigana kweli na watawala kwa nyakati zao, ila historia haina habari kwamba waliwahi kukutana. Rajamouli amejiuliza tu, je, wangekutana? Basi akatoa muvi ya saa tatu.

Watu wanacheka pikipiki ikirushwa kwa mkono kama jiwe la kombeo. Sawa, haiwezekani. Lakini tazama urafiki ule. Kila ngumi pale ina sababu uliyoonyeshwa mapema. Ndiyo maana mzee wa miaka sabini aliyekuja kunyoa ndevu aliuliza, "Wamepatana?" kabla hajauliza bei. Na wimbo wao wa Naatu Naatu, uliochukua Oscar mwaka 2023, ulipigwa picha mbele ya ikulu ya Kyiv, Ukraine, kabla vita vya sasa havijaanza.

Ya pili inayoombwa sana ni Pushpa 2, iliyotoka Desemba 2024. Hii inapita saa tatu. Allu Arjun ni kibarua aliyepanda ngazi mpaka kuwa mkubwa wa magendo ya magogo ya msandali mwekundu. Ukimwekea mtu wa Mafinga aliyekulia jirani na msitu wa Sao Hill, hafuati mapenzi wala nyimbo, anahesabu malori na kubishana kuhusu namna yalivyopakiwa. Kwangu mimi sehemu ya kwanza, ya mwaka 2021, ni bora kuliko ya pili. Mtu anayepanda anavutia kumtazama. Akishafika juu anabaki kutembea taratibu na muziki mkubwa nyuma yake.

Bora iliyotafsiriwa au ya lugha yake?

Inategemea umekaa wapi. Kwenye saluni yetu mteja anaangalia televisheni kupitia kioo, kwa sababu televisheni iko nyuma yake. Maandishi ya chini yanasomeka kinyumenyume! Kwa hiyo kwenye kiti, iliyotafsiriwa inashinda bila mjadala.

Nyumbani ni habari nyingine. Muvi za kutafsiriwa zina watu wake na ustadi wake. Wazee wa kazi bado wanamtaja Lufufu, aliyefanya sauti ya mtafsiri iwe sababu ya kuchagua muvi. Mtafsiri mzuri hatafsiri neno kwa neno. Anakuambia huyu ni shemeji yake yule, anakukumbusha kwamba bastola ilibaki garini, anamtukana adui kwa niaba yako, na akiona stelingi anazubaa anamfokea. Kwenye muvi za ngumi za Wachina ni raha tupu, maana hadithi ni nyepesi na nafasi ya maneno ni kubwa.

Shida inakuja kwenye muvi ya ukimya. Mtu amefiwa, amekaa anaangalia dirishani, mwongozaji ametaka ukae na huzuni ile. Mtafsiri hawezi kuvumilia, anaanza kusimulia bei ya mchele. Nimewahi kuangalia muvi moja mara mbili, kwanza ya kutafsiriwa na baadaye yenyewe, na zilikuwa hadithi mbili tofauti. Ile ya mtafsiri ilikuwa na mwanamke mbaya zaidi.

Ushauri wangu: ngumi, vita na vichekesho, chukua iliyotafsiriwa. Mapenzi, kesi za mahakamani na zile ambazo watu wanaongea kwa sauti ya chini, tafuta yenyewe.

Oppenheimer inasifiwa sana. Mbona mimi nililala?

Kulala si dhambi. Ni saa tatu za wanasayansi na wanasiasa wakiongea vyumbani, na hadithi inaruka mbele na nyuma bila kukuaga. Ilichukua Oscar 7 mwaka 2024, na ile ya uigizaji wa Cillian Murphy nakubaliana nayo kabisa. Kipande cha jaribio la bomu, Julai 1945, kimetengenezwa kwa akili: mwanga unakuja kwanza, mlipuko unachelewa, na wewe umeshika pumzi.

Lawama yangu ni nyingine. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi ule wa Wamarekani wa bomu la nyuklia ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo. Ukifika Tunduma ukavuka Zambia, Katanga si mbali sana na sisi. Waliochimba yale mawe hawana hata dakika moja kwenye zile saa tatu.

Bongo muvi zimekufa? Mbona hapo saluni hamuziweki?

Tunaweka. Ila hapa ndipo kipimo chetu cha benchi kinapougua, na inabidi tuseme ukweli wote.

Kuna watu mpaka leo wanasema bongo muvi ilizikwa na Kanumba, Aprili 2012. Naelewa wanachomaanisha. Steven Kanumba alikuwa na miaka 28 tu, na alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, alijituma. Alimleta Ramsey Nouah kutoka Nigeria wakacheza pamoja, akataka muvi za hapa zionekane nje. Lakini ugonjwa ulikuwepo hata yeye akiwa hai. Hadithi ya saa moja ilivutwa iwe saa tatu ili iuzwe pati 1 na pati 2. Unaona mtu anaegesha gari, anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka getini, anagonga, anasubiri, anafunguliwa, na hajasema neno. Wahusika wote wanaishi kwenye jumba la ghorofa Mbezi na hakuna anayekwenda kazini. Mtu wa Rungwe anayevuna chai akaona hii habari haimhusu, akarudi kwenye Kihindi.

Siku hizi waigizaji wengi wamehamia kwenye tamthilia za ving'amuzi. Huko kuna mshahara unaoeleweka, na uigizaji umekuwa mzuri zaidi. Muvi zenyewe zimekuwa chache lakini zimepona ule ugonjwa wa kuvutwa. Binti, ya Seko Shamte, ni hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam. Ndiyo muvi ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix, mwaka 2022. Ile ya mwanamke mwenye duka na deni tuliiweka hapa, na wanaume walianza kujitetea wenyewe kwa wenyewe bila kuulizwa. Dalili nzuri.

Halafu kuna Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar miaka ya mwisho ya Mwingereza, binti wa Kihindi anaitwa Yasmin amekimbia ndoa ya mzee, anakutana na Denge, kijana wa siasa za ukombozi. Ilikwenda tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Kwenye saluni ilianguka vibaya. Ni ya taratibu, giza na taa za kandili, taarabu, watu wanaangaliana. Kwa kelele za mashine na bajaji nje, hakuna aliyehamia kwenye benchi. Lakini wawili walioiona hapa nusu waliomba wakaiangalie nyumbani usiku, na wote wawili walirudi kuizungumzia kabla nywele hazijaota. Kwa hiyo muvi ikifeli saluni, usiihukumu kwa hilo peke yake. Wengine wanatengeneza kwa ajili ya chumba kilichotulia.

Na msisahau kwamba tuzo za filamu za Bodi ya Filamu Tanzania za mwaka 2021 zilifanyika hapa hapa Mbeya. Mastaa walitembea mitaani kwetu, baadhi wakitetemeka kwa baridi, wakapiga picha na kuondoka. Waliorudi na kamera kuja kupiga muvi Loleza au Ziwa Ngosi ni wa kuhesabu.

Kamwene. Mbona hatujapata muvi kubwa ya Mkwawa?

Kamwene kaka. Swali hili linaletwa na wateja wa Iringa, na kila likiletwa kazi inasimama.

Stori ipo tayari, hata hauhitaji kutunga. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi la Wahehe, la chifu Mkwawa, linavamia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga, wanaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa anatoweka, anawasumbua kwa miaka msituni, na Julai 1898, akiona amezingirwa, anajipiga risasi. Kichwa kinakatwa, kinapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, kwenye mkataba wa Versailles wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, kinawekwa kifungu kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe. Linarudi mwaka 1954, na mpaka leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Ningepewa mimi nisingeanza na utoto wake. Ningeanza Ulaya, makabati yamejaa mafuvu, ofisa anapita na karatasi ya mkataba anatafuta moja. Ndipo turudi Lugalo.

Ila kuna shida, na ilitokea hapa hapa kwenye benchi. Mhehe mmoja alikuwa anamsifu Mkwawa kwa kirefu, na Msangu wa Mbarali akamkata: "Sisi alitufukuza kwetu, hiyo utaiweka?" Ni kweli. Wahehe walipigana na Wasangu wa Merere kwa miaka mingi, na Wasangu wakaja kushirikiana na Wajerumani ili wapate ardhi yao. Muvi itakayomfanya Mkwawa malaika itawapoteza watu wa Usangu dakika ya kumi. The Woman King ya mwaka 2022 iliingia kwenye mtego huo. Viola Davis ni wa kutisha mle ndani, mapigano ni ya kweli kabisa, lakini ufalme wa Dahomey uliuza sana watumwa, na muvi inaligusa jambo hilo kwa ncha ya kidole kisha inalikimbia. Mtazamaji wa huku si mtoto. Anajua chifu anaweza kuwa shujaa mbele ya Mjerumani na jirani mbaya kwa Msangu ndani ya mwaka mmoja.

Wakati tunasubiri, tafuteni The Empty Grave, filamu ya mambo ya kweli iliyoongozwa na Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, ikaonyeshwa tamasha la Berlin mwaka 2024. Inafuata, pamoja na wengine, kizazi cha Songea Mbano wa Ruvuma, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Majimaji. Ndugu zake wanatafuta kichwa chake Ujerumani mpaka leo. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba radhi. Hakuna ngumi hata moja mle ndani. Ukoo unakaa kikao, unapanga nauli, unagonga milango ya ofisi za watu wanaojibu kwa upole na hawatoi kitu. Mimi iliniumiza kuliko muvi zote za vita nilizoziona karibuni.

Watoto niwawekee nini likizo hii?

Wakiomba Mufasa ya mwaka 2024 wape, wataifurahia. Ni hadithi ya namna Mufasa alivyokuwa mtoto aliyepotea akalelewa na ukoo wa simba wengine. Kwangu mimi The Lion King ile ya kuchorwa ya mwaka 1994 bado inazishinda zote mbili za kompyuta, ya mwaka 2019 na hii ya Mufasa. Simba wa kompyuta wamefanana mno na simba wa kweli, na simba wa kweli hana uso wa kulia. Mtoto wa dada yangu, aliyepelekwa na shule Ruaha, alikaa akaangalia dakika chache akasema hao wa kwenye televisheni wanaongea sana, wa Ruaha walikuwa wamelala tu.

Za Kinaija bado ni uchawi na mahari?

Hapana, umechelewa. A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, ya mwishoni mwa mwaka 2023, ndiyo muvi ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni moja kwenye kumbi za sinema. Mama mmoja ana watoto watano wa kiume, kila mmoja na baba wa kabila lake. Mama anaugua figo, hela hakuna, watoto wanapanga kuiba. Sehemu ya wizi imezidishwa chumvi. Sehemu ya mama na wanawe ni safi, hasa wanavyogombana kwa mambo ya zamani wakati mgonjwa anawasikia. Yeyote aliyewahi kuchangishana na ndugu hela ya hospitali atawatambua wote watano.

Tamthilia za Kituruki na Kikorea mnazionaje?

Hizo ziulizeni saluni ya kike iliyo mlango wa pili, sisi tutawadanganya. Tunachojua ni kwamba zikianza jioni wateja wetu wanapigiwa simu waharakishe kurudi na luku. Na kwa anayedhani mtindo huu ni wa jana, kumbukeni Doudou na Mama Wakwe Zake, ya Wachina, iliyoonyeshwa TBC kwa Kiswahili tangu mwaka 2011.

Umeme ukikatika katikati ya muvi inakuwaje?

Aliyeiona anasimulia zilizobaki. Yuko fundi viatu jirani yetu ambaye akisimulia, muvi inakuwa nzuri kuliko ilivyo, na watu wameshawahi kumlaumu umeme uliporudi.

Na mtu akisimulia mwisho bila kuombwa?

Analipa soda za waliokuwa kwenye benchi. Hatuna msamaha kwa hilo, hata awe mzee. Tutamwamkia shikamoo, tutampa kiti, na soda atalipa.

Naweza kuleta flashi yangu?

Leta, ila masharti ni haya. Isiwe na virusi, maana televisheni tumeinunua kwa kuchangishana. Isiwe ile iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, kichwa cha mtu kinapita mbele na anayekohoa anasikika kuliko stelingi. Kama ni bongo muvi mpya, tunaomba iwe umeilipia mahali halali, wenzetu wale wanakula kwa hiyo kazi. Na Jumamosi usituletee ya saa tatu, siku hiyo foleni inafika nje na tunaweka mpira.